Mawe ya Timboni kwa Tangi la Matumbawe

Mtu anayeamua kufuga samaki wa baharini na matumbawe nyumbani hugundua mapema kwamba kioo, pampu na taa vina bei inayojulikana, lakini mawe ndiyo yanayovuruga hesabu. Tangi la lita 200, ambalo si kubwa kwa kipimo cha wafugaji, likipangwa kwa kanuni ya zamani ya takriban gramu 120 za mawe kwa kila lita moja ya maji huhitaji kilo 24. Mawe hai, yaani mawe yaliyotolewa baharini yakiwa na viumbe vyake, huuzwa kwa kilo yakiwa yamelowa, kwa hiyo mnunuzi hulipia jiwe na hulipia pia maji yaliyojaa ndani yake. Kwa sisi tunaoishi Mombasa ipo njia nafuu zaidi, kwa kuwa mji wenyewe umekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale. Nimeshikilia mawe ya timboni, yale yanayochimbwa nchi kavu kwa ajili ya kujengea nyumba, na ningependa kueleza sababu zangu pamoja na namna ninavyoyachagua, kwa kuwa si kila jiwe la timboni linafaa kutiwa majini.

Kwanza ni vyema kuelewa jiwe lina kazi gani ndani ya tangi, kwa sababu uchaguzi wote unategemea hapo. Samaki wanapokula na kunya, na chakula kilichobaki kinapooza, maji huingiwa na amonia, ambayo ni sumu kali kwa samaki. Bakteria wanaoishi juu ya uso wa jiwe huigeuza amonia hiyo kuwa nitriti, ambayo nayo ina madhara, kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili zaidi. Ndani zaidi ya jiwe, kule ambako maji hupenya polepole na oksijeni imepungua, huweza kukaa bakteria wa aina nyingine wanaoivunja nitrati hadi ikawa gesi ya naitrojeni, na gesi hiyo hutoka majini na kupotelea hewani. Kwa hiyo tunachokinunua kwa hakika ni nafasi ya bakteria kukaa, na nafasi hiyo imo katika vitundu na mianya. Jiwe la kilo tano lililoshikamana lina nafasi ndogo kuliko jiwe la kilo mbili lililotoboka kila upande, na ndiyo maana sikubaliani na wanaohesabu mawe kwa uzito peke yake. Kwa mawe mepesi yenye vitundu vingi, kilo 12 hadi 15 zinatosha katika tangi lile la lita 200, na samaki hubakiwa na nafasi pana zaidi ya kuogelea.

Wapo watakaouliza kwa nini mtu wa Mombasa ahangaike na timbo wakati maji yakitoka ufukweni Nyali au Bamburi huacha vipande vya matumbawe vimetapakaa mchangani. Jibu la kwanza ni sheria. Hifadhi ya Bahari ya Mombasa ilitangazwa 1986 na inasimamiwa na KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na ndani yake hairuhusiwi kuchukua tumbawe, kombe wala jiwe, liwe hai au limekufa. Nje ya hifadhi, biashara ya viumbe wa baharini ina leseni zake, na matumbawe magumu yote yamo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo hata kuyasafirisha nje ya nchi kunahitaji kibali. Jibu la pili ndilo lenye uzito zaidi kwangu. Joto la bahari la 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu, na miamba inayojaribu kujirudisha inahitaji mawe yale yale tunayoyaona kuwa yamekufa, kwa sababu mabuu ya matumbawe hutafuta mahali pagumu pa kutua na kuanza kukua. Pweza hufanya makao yake humo, na kaa vilevile. Anayebeba gunia la mawe kutoka mwambani ili apambe sebule yake huwa amewaondolea viumbe hao nyumba, na amempunguzia riziki mvuvi anayekwenda kuchokoa pweza kwa mkonjo wakati wa bamvua.

Marekani ilikwisha kulipitia suala hili. Uchimbaji wa mawe hai katika bahari ya Florida ulipigwa marufuku, na kufikia miaka ya 1990 waliotaka kuendelea na biashara hiyo walikuwa wakichukua mawe ya chokaa ya nchi kavu, kuyazamisha katika maeneo waliyokodishiwa baharini, na kuyaacha hadi yakaotwa na viumbe. Jiwe walilolichagua huko ni la jamii ile ile tuliyonayo hapa chini ya miguu yetu.

Mwamba wa Mombasa ni matumbawe yaliyoota wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo, zaidi ya miaka laki moja iliyopita, kisha maji yakashuka na kuyaacha makavu. Ngome ya Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, imesimama juu ya mwamba huo na imejengwa kwa mawe yake. Nyumba za Mji wa Kale zimeinuliwa kwa mawe hayo na chokaa iliyochomwa kutokana nayo, na kiwanda cha saruji cha Bamburi, kilichoanza uzalishaji 1954, kiliwekwa pale kwa sababu malighafi ilikuwa imelala ardhini. Matimbo ya mawe ya kujengea bado yanafanya kazi katika kaunti za Kilifi na Kwale. Kikemia, jiwe hili ni kalsiamu kaboneti, kama lilivyo jiwe linalotoka baharini leo, ingawa umri umebadilisha sehemu ya fuwele zake. Katika maji ya bahari yenye pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ya 8.0 hadi 8.3 haliyeyuki kwa kiasi cha kuonekana. Hapa naomba niseme wazi, kwa kuwa nimesikia wauzaji wakidai vinginevyo, kwamba jiwe la chokaa halitoi kalsiamu ya kuwatosha matumbawe wanaokua. Kiwango cha miligramu 400 hadi 450 kwa lita itabidi kilindwe kwa kubadilisha maji au kwa kuongeza madini, jiwe liwe la aina yoyote.

Fundi wa nyumba na mfugaji wa matumbawe wanatafuta mawe yaliyo kinyume kabisa. Fundi anataka jiwe lililoshikamana, lenye pembe kamili, lisilovunjika likipigwa mwiko. Sisi tunataka lile lenye mashimo, lililopinda, ambalo msumeno umelikataa. Ndiyo maana bei ni nafuu, kwa kuwa tunachokitaka kiko katika lundo la vifusi pembeni. Nilipokuwa nikitenga mawe katika timbo moja upande wa kaskazini, mzee anayesimamia mashine alinisogelea kwa huruma.

“Mwanangu, hayo mabovu, fundi hayachukui. Njoo huku nikupe mazima.”

“Ahsante mzee wangu, lakini mabovu haya ndiyo ninayoyatafuta.”

Alinitazama kidogo, akacheka, kisha akamwita kijana anisaidie kuyatia guniani, na akanitoza bei ya vifusi. Kilichonigharimu zaidi siku hiyo ni gari la kuyaleta mjini.

Ukifika kwenye lundo, usiharakishe. Mawe ya tabaka la juu kabisa la timbo yana udongo mwekundu uliopenya ndani na mizizi iliyojisokota mianyani, na uchafu huo hutoa fosfati majini kwa muda mrefu, jambo linalolisha mwani. Yaache. Tabaka la katikati huwa jeupe au la manjano hafifu, na ndilo ninalolipenda. Lishike jiwe, uligeuze kwenye jua, na mara nyingi utaona umbo la tumbawe lenyewe: vinyota vidogo vilivyopangwa bega kwa bega, au mikunjo inayozunguka, au kombe lililonasa ndani. Mahali hapo jiwe huwa na vitundu vya asili. Kisha lidondoshee tone la maji. Katika jiwe lililoshikamana tone hukaa juu na kung’aa, kisha huteleza pembeni. Katika jiwe zuri tone huzama kabla hujahesabu hadi tano, likaacha doa jeusi linalotanuka polepole kuelekea kando, na ukidondosha la pili mahali pale pale nalo huzama. Nimelitumia jaribio hili kuliko jingine lolote, kwa sababu halihitaji kifaa na halidanganyi.

Kwa anayetaka uhakika zaidi, kipimo cha jikoni kinatosha. Lipime jiwe likiwa kavu kabisa, lizamishe usiku kucha, asubuhi ulifute uso kwa kitambaa na ulipime tena. Tofauti ya uzito ni maji yaliyoingia ndani. Jiwe la kilo moja lililoongezeka gramu 20 tu ni la kujengea ukuta, na lililoongezeka gramu 150 au 200 ni la kubebwa nyumbani. Kipimo hicho hicho husaidia kulinganisha bei, kwani jiwe la bei ya juu kidogo lenye vitundu vingi huweza kuwa rahisi kuliko la bei ya chini lisilopitisha maji.

Liko jambo jingine ambalo macho ya haraka hulikosa. Mawe yaliyokatwa kwa mashine huwa na upande mmoja au miwili iliyonyooka, na unga wa msumeno umeziba vitundu vya upande huo kama plasta. Upande huo huuondoa kwa nyundo na patasi, nikiwa nimevaa miwani ya kazi na kitambaa puani kwa sababu ya vumbi, hadi uso mpya wenye makwaruzo utokee. Faida yake ni mbili: maji hupenya, na jiwe huonekana la mwambani badala ya kuonekana limetoka katika ukuta.

Kuna mawe ambayo siyachukui hata nikipewa bure. Mawe yaliyolala chini ya mashine hunywa dizeli na oili, na harufu yake huisikia ukilisogeza puani baada ya kulilowesha. Mawe ya mapangoni, hasa mapango yenye popo ambayo pwani yetu inayo mengi, yana fosfati nyingi kutokana na vinyesi vilivyorundikana kwa miaka, na hakuna uoshaji utakaoimaliza. Mawe ya nyumba zilizobomolewa yana mabaki ya plasta, rangi na pengine maji ya chooni, na yale ya Mji wa Kale yana thamani ya kihistoria inayotosha kuyaacha mahali pake. Mawe yenye mistari ya kutu au vipande vya chuma nayo hayafai, kwa kuwa metali huwadhuru matumbawe na kamba kabla hazijamdhuru samaki.

Mawe meusi ya volkeno kutoka Bonde la Ufa ni mepesi na yana mashimo mengi, na kwa tangi la maji baridi nisingesita kuyatumia. Kwa maji ya chumvi nayaona hayana faida kwetu, kwani nauli hula unafuu wake, na baadhi yake yana chuma ambacho sumaku ya kawaida itakionyesha.

Jiwe la kutengeneza kwa saruji lina watetezi wengi, na nawaelewa. Unachanganya sehemu moja ya saruji na sehemu nne hivi za kokoto ndogo za chokaa, unatia chumvi ya mawe, na unamimina katika kalibu ya mchanga mbichi. Chumvi ikiyeyuka baadaye huacha vitundu. Kwa njia hii mtu hupata umbo lolote, liwe tao, daraja au sahani pana ya kuwekea matumbawe. Tatizo ni kwamba saruji mbichi huipandisha pH ya maji hadi kiwango cha kuua, na hupoa tu kwa kulowekwa wiki nyingi katika maji matamu yanayobadilishwa mara kwa mara, hadi kipimo kionyeshe chini ya 8.5. Katika mji ambao wengi wetu tunanunua maji kwa mtungi, gharama hiyo haipaswi kupuuzwa. Nakubali kipande kimoja au viwili vya saruji kwa ajili ya umbo maalumu, lakini kujaza tangi zima kwa saruji ilhali timbo liko karibu sioni sababu yake.

Maji ya kuoshea ndiyo gharama iliyofichika hata kwa jiwe la timboni. Kwa sababu hiyo napenda kununua kabla ya masika, nikayapanga mawe juu ya sakafu ya saruji chini ya bomba la bati, mvua ikafanya kazi ya kwanza ya kuondoa vumbi bila malipo. Baada ya hapo huyasugua kwa brashi ngumu na kuyachokonoa mianyani kwa njiti. Jiwe safi la tabaka la katikati halihitaji zaidi ya hayo. Likiwa na mizizi au ukungu, liloweke siku moja katika Jik (dawa ya klorini ya kung’arishia nguo) isiyo na manukato, sehemu moja kwa maji sehemu kumi, mahali penye hewa, kisha lisuuzwe na kuanikwa juani hadi harufu iishe kabisa. Jik isichanganywe kamwe na siki wala asidi ya aina yoyote, kwa kuwa gesi ya klorini inayotoka huchoma mapafu. Na kwa anayepewa mawe yaliyowahi kukaa katika tangi la mtu mwingine, asiyachemshe. Baadhi ya viumbe wanaoota juu yake hubeba sumu iitwayo palitoksini, na mvuke wake umewahi kuwalaza watu hospitalini.

Jiwe likishakuwa safi bado halijawa tayari. Mimi huyatia katika pipa la plastiki lenye maji ya bahari yaliyochotwa wakati maji yamejaa, mbali na mabomba ya maji taka na mbali na siku za mvua kubwa ambapo chumvi hupungua, nikaweka pampu ya kuyazungusha na kulifunika pipa ili mwani usipate mwanga. Joto la Mombasa linatosha bila hita. Kipande cha nyama mbichi ya kamba kilichoachwa kioze humo hutoa amonia ya kuwaanzishia bakteria chakula, na kwa kawaida wiki nne hadi sita hupita kabla ya amonia na nitriti kushuka hadi sifuri. Katika kipindi hicho napima fosfati pia. Ikizidi miligramu 0.1 kwa lita, nabadilisha maji na kungoja, kwani ni rahisi zaidi kuitoa ndani ya pipa kuliko baada ya matumbawe kuingia.

Upungufu wa kweli wa jiwe kavu ni kwamba limekuja tupu. Halina mwani wa zambarau unaolipaka jiwe rangi, halina minyoo midogo wala vijidudu vinavyosafisha mabaki. Upande wa pili wa shilingi, halina pia anemoni waharibifu wala kamba wa kuvunja makombe wanaoingia na mawe hai bila kualikwa. Upungufu huo huzibwa kwa kipande kimoja cha ukubwa wa ngumi kutoka katika tangi la rafiki lililokomaa, pamoja na kikombe cha mchanga wake, baada ya kukichunguza vizuri usiku kwa tochi. Kipande hicho kimoja hupanda mbegu katika mawe yote, ila kinataka subira. Miezi ya kwanza mawe hupata rangi ya kahawia, kisha mwani wa kijani, na wapo wanaokata tamaa hapo na kuyatoa mawe yote wakidhani yameharibika, ilhali ni hatua ya kawaida ambayo konokono na mabadiliko ya maji huipitisha.

Katika kuyapanga, mawe ya chini yakae moja kwa moja juu ya kioo cha sakafu, au juu ya wavu wa plastiki, kabla ya mchanga kumwagwa, kwa sababu samaki wanaochimba wakiufukua mchanga chini ya jiwe lililoegemea juu yake, jiwe huanguka na kioo hupasuka. Acha upana wa kiganja kati ya jiwe na kioo ili mkono wa kusugulia upite. Mapango na matao yawe wazi upande wa nyuma ili mkondo wa pampu usikwame na uchafu usirundikane. Jiwe la chokaa hushikana vizuri kwa gundi ya epoksi inayokubali maji, na vipande vya kilo moja moja vilivyounganishwa vikawa nguzo hukaa imara kuliko jiwe moja kubwa lililosawazishwa kwa bahati.

Vifusi vinavyobaki baada ya kugonga nyuso za msumeno sivitupi. Vile vya ukubwa wa shilingi ishirini huvipitisha katika pipa pamoja na wenzake, kisha huvitumia kubandikia vikonyo vya matumbawe ninavyogawana na wafugaji wenzangu, na wao hunipa vyao juu ya mawe ya aina ile ile.